Kevin: jina nililopewa Nakuru, nikalifuata hadi Wicklow

Kabla sijaweza kulitamka jina langu, mtaa wetu mzima wa Nakuru ulikuwa unalitumia kumwita mama. Sikumbuki mtu aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Alikuwa Mama Kevin, na kwa wenye haraka, Mama Kevo. Alikuwa na kibanda cha mboga kando ya barabara ya kuingia mtaani, na jioni watu wakishuka matatu ndilo jina lililosikika. "Mama Kevo, nikatie sukuma ya ishirini." "Mama Kevo, managu imeisha?" Naye anakata, majani ameyakunja na kuyabana kwenye kiganja, kisu kinapita karibu kabisa na vidole, macho yako kwa mteja mwingine anayesubiri chenji.

Naanza na hayo kwa sababu bila hayo hutaelewa kwa nini jina hili liliniuma nilipofika Ujerumani. Watu walidhani wanalicheka jina langu. Mimi nilikuwa nasikia wanamcheka mama.

Sisi ni Wakikuyu, na kwetu majina yana mpango wake. Mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili jina la babu mzaa mama, na mabinti vivyo hivyo kwa upande wa nyanya zao. Wanaofuata huchukua majina ya baba wadogo, wajomba na mashangazi. Jina la ukoo linamngoja mtoto hata kabla hajatungwa mimba. Kwa hiyo mahali pekee ambapo baba na mama wanaweza kusema neno lao wenyewe kuhusu huyu mtoto aliye mikononi mwao ni jina la ubatizo. Ndiyo maana majina ya ubatizo Kenya yana rangi nyingi hivyo. Hapo ndipo mzazi anapoamua. Kwangu mimi, mama aliamua Kevin.

Shuleni Kevin tulikuwa wengi mno kuitana bila nyongeza: Kevin Mrefu, Kevin wa Mwalimu, Kevin wa Lanet. Kwa kizazi changu, kilichozaliwa miaka ya tisini, Kevin ni jina la kawaida kabisa Kenya, kama Brian. Halimwambii mtu chochote juu yako: si tajiri, si maskini, si msomi, si mjinga. Kevin ni konda, Kevin ni daktari, Kevin ni yule jamaa wa M-Pesa. Nilikua nikidhani hivyo ndivyo lilivyo duniani kote.

Nilikwenda Ujerumani kwa mpango wa Ausbildung, mafunzo ya kazi ya miaka mitatu ambayo unasoma huku unalipwa, upande wa uuguzi. Siku ya kujitambulisha darasani tulizunguka meza, kila mtu akataja jina na alikotoka. Nilipotaja langu, kicheko kilipita chumbani. Hakikuwa cha chuki. Kilikuwa kile cha watu wanaojua jambo ambalo wewe hujalijua bado. Wakati wa chakula cha mchana mwanafunzi mwenzangu mmoja, dada mwenye roho nzuri tu, akaniuliza kwa upole kama sina jina lingine ambalo ningependa kuitwa. Akaniambia kwamba Ujerumani Kevin ni jina la mzaha, na kwamba kwenye barua za maombi ya kazi ningefanya vizuri kulitanguliza jina la babu yangu.

Nililichimba jambo hilo usiku uleule kwenye simu. Wajerumani wametunga hata neno lake, Kevinismus, wakimaanisha tabia ya wazazi wa tabaka la chini kuwapa watoto majina ya kigeni yaliyotoka kwenye runinga. Mwaka 2009 utafiti uliofanyiwa Chuo Kikuu cha Oldenburg uliwauliza walimu wa shule za msingi kuhusu majina ya wanafunzi, na Kevin likaibuka kama jina ambalo walimu wanalihusisha na mtoto mzito darasani na mkorofi. Mwalimu mmoja aliandika kwamba Kevin si jina, ni ugonjwa uliokwisha kuthibitishwa na daktari. Nilikuwa nasomea uuguzi. Nilikuwa najifunza wiki hizohizo jinsi ya kusoma faili la mgonjwa, jinsi neno moja kwenye karatasi ya daktari linavyobadilisha namna kila anayeingia chumbani anavyomtazama aliyelala kitandani. Sentensi ile niliisoma zaidi ya mara moja, kisha nikazima simu.

Namna jina lilivyofika pale inaeleweka vizuri ukifuata miaka. Mchezaji Mwingereza Kevin Keegan alihamia Hamburg mwaka 1977, akachukua Mpira wa Dhahabu wa Ulaya mwaka 1978 na tena 1979, na mwaka huo 1979 timu yake ikawa bingwa wa Ujerumani. Jina likapata sura na sifa. Kisha zikaja filamu za Marekani. Kevin Costner alikuwa kila mahali, na mwishoni mwa 1990 ikatoka ile filamu ya mtoto aliyesahauliwa nyumbani wakati wa Krismasi, ambayo Wajerumani waliitafsiri kwa kuliweka jina Kevin kabisa kwenye kichwa chake. Mwaka 1991 Kevin likawa jina la kwanza kwa watoto wa kiume Ujerumani. Ufaransa ilikuwa hivyohivyo: tangu 1989 hadi 1994 ndilo lililoongoza, na katika 1991 pekee lilipewa watoto zaidi ya 13,000. Baadaye wenye nafasi wakalikimbia, likabaki kwa watoto wa madereva, wapishi na wauza duka, na hapo ndipo likaanza kuchekwa. Hakuna kosa lililotendeka. Wazazi wengi wasio na mali walipenda kitu kimoja kwa wakati mmoja, basi.

Kwenye wodi ya mazoezi nilikutana na Kevin mwingine, Mjerumani, rika langu, kijana wa mashariki mwa nchi. Beji yake ya kifuani ilikuwa na jina la ukoo tu. Nilidhani ndiyo desturi ya wodi ile mpaka nilipoona za wengine. Usiku mmoja wa zamu, wagonjwa wametulia, alinionyesha kwenye simu barua yake ya kuomba kazi: "K." halafu jina la ukoo. Nikamuuliza mama yake anafanya kazi gani. Akasema mpishi wa shule, amelea watoto peke yake. Nikamuuliza kwa nini alimwita Kevin. Akainua mabega. "Alilipenda tu. Alisema ni jina zuri." Akaongeza kwamba mama yake hajui kama yeye hulikata kwenye barua, na hataki ajue.

Hapo ndipo nilipoelewa kinachofanyika. Mtu hajipi jina. Jina ni neno la kwanza ambalo mzazi amelisema juu yako mbele za watu, akiwa na maana yote aliyoweza kuwa nayo siku ile. Anayelidharau hakugusi wewe, anamfikia yule aliyekuwa amekupakata.

Nilimpigia mama Jumapili iliyofuata. Sikumweleza habari za Wajerumani. Nilimuuliza tu alilipata wapi jina hili. Nilitegemea jibu la runinga, nalo lisingenikera. Akanieleza kwamba alilisikia kwa jirani, akalipenda, lakini katekista alitaka jina la mtakatifu na hakuwa na hakika kama Kevin yumo. Akampeleka kwa paroko. Paroko wetu wakati ule alikuwa Mwairishi mzee, mmoja wa wale tunaowaita mapadri wa Kiltegan. "Kevin wangu," mama akasema, "yule mzee alifurahi kama vile nimemletea barua ya kwao. Aliniambia huyo ni mtakatifu wa nyumbani kwake kabisa, kwamba ana bonde lake lenye maziwa mawili. Nikasema basi, mtoto wa Nakuru ataelewana na mtu wa ziwa."

Shirika la Mtakatifu Patrick lilianzishwa tarehe 17 Machi 1932 katika kijiji cha Kiltegan, kaunti ya Wicklow, Ireland. Kuanzia miaka ya hamsini mapadri wake walifanya kazi Kenya: Eldoret, Kitui, Nakuru, na Turkana, ambako walichimba visima na kujenga zahanati mahali ambapo serikali ilikuwa haionekani. Waairishi wengine walikuwa wametangulia. Masista wa Loreto walifika nchini mwaka 1921. Na kila Mkenya anayefuata riadha anamjua Bruda Colm O'Connell, aliyekuja Iten mwaka 1976 kufundisha shule ya St Patrick's, na miaka mingi baadaye akamnoa David Rudisha. Colm nalo ni jina la Kiirishi. Maana yake ni njiwa. Majina haya hayakutujia yote kwa filamu. Baadhi yalishuka kwenye meli yakiwa kwenye vitabu vya ubatizo vya watu waliokuwa wanakumbuka kwao.

Likizo yangu ya kwanza ya maana niliitumia kwenda Ireland. Binti wa mama mdogo ni muuguzi kule, anaishi Bray, mji wa pwani kusini mwa Dublin, na alikuwa ananialika tangu zamani. Ireland haimo kwenye Schengen, ule mpango wa nchi nyingi za Ulaya kutumia viza moja, kwa hiyo kwa pasipoti ya Kenya kibali changu cha Ujerumani hakikutosha na ikabidi niombe viza yake. Kwenye fomu, pale pa sababu ya safari, niliandika kumtembelea ndugu. Ilikuwa kweli, ingawa haikuwa sababu yote.

Kutoka Dublin hadi Glendalough, lile bonde la Mtakatifu Kevin katika kaunti ya Wicklow, kuna basi la kampuni ya familia inayoitwa St Kevin's, ambayo imekuwa ikipita njia hiyo tangu miaka ya ishirini ya karne iliyopita. Linapita Bray, linapanda Roundwood, linashuka Laragh. Nililiona linakuja na jina langu ubavuni. Dada akanipiga kikumbo: "Kevo, gari lako hilo."

Mzee mmoja alikaa kiti cha mbele yetu. Waairishi wa rika lile hawawezi kukaa kimya na mgeni kwa saa nzima, na kwa hilo wanafanana na watu wa kwetu. Alipouliza jina langu nilingoja nione uso wake. Haukubadilika hata kidogo. "Kevin," akasema, "ndugu yangu ni Kevin. Mjomba alikuwa Kevin pia, alizaliwa mwaka 1921, kwa hiyo unajua aliitwa kwa ajili ya nani." Sikujua. Akanieleza, na mengine nikayasoma baadaye.

Kevin Barry alikuwa mwanafunzi wa udaktari Dublin, mwenye umri wa miaka 18. Alikamatwa baada ya shambulio la wapigania uhuru dhidi ya wanajeshi wa Uingereza, akanyongwa katika gereza la Mountjoy tarehe 1 Novemba 1920. Wengi waliomba asinyongwe kwa sababu ya umri wake, haikusaidia. Ukaimbwa wimbo, na jina lake likasambaa. Watoto wengi wa kiume waliozaliwa Ireland baada ya hapo walipewa jina hilo, na pia watoto wa Waairishi waliokuwa wamehamia Liverpool, Glasgow na Marekani. Mwili wake ulikaa ndani ya uwanja wa gereza hadi Oktoba 2001, ulipotolewa pamoja na wa wenzake tisa na kuzikwa upya kwa heshima za taifa. Nilimwambia mzee kwamba na sisi tunaye Dedan Kimathi, aliyenyongwa na Waingereza haohao katika gereza la Kamiti mwaka 1957, na kaburi lake tungali tunalitafuta. Alinyamaza kidogo, kisha akanipa mkono.

Kabla ya miaka ile Kevin halikuwa jina la kawaida hata Ireland kwenyewe. Chini ya utawala wa Kiingereza majina ya Kiirishi yalikuwa yamesukumwa pembeni, watu wakijiita John, James na William. Mwaka 1893 kikaanzishwa chama cha kufufua lugha ya Kiirishi, na pamoja na lugha yakarudi majina. Mwaka 1903 Papa Pius wa Kumi akathibitisha rasmi ibada ya Kevin wa Glendalough, ambaye watu wa pale walikuwa wamemwita mtakatifu kwa karne nyingi bila kusubiri karatasi. Kevin Barry alizaliwa mwaka 1902, katikati ya mwamko huo. Jambo hili lilinigusa sana. Wapo Wakikuyu wenzangu walioacha majina yao ya ubatizo kwa sababu waliyaona ni alama ya mkoloni, na nawaelewa. Lakini langu mimi, nililodhani ni la Mzungu kama Mzungu mwingine yeyote, lilikuwa jina ambalo watu waliotawaliwa walikuwa wamelirudisha kutoka kwenye kusahauliwa.

Kwa Kiirishi cha kale linaandikwa Cóemgen. Sehemu ya kwanza ina maana ya mpendwa, mpole, mwenye sura njema, na ya pili ni kuzaliwa. Siku hizi Waairishi huandika Caoimhín na kutamka karibu na Kwiiviin. Shina hilohilo ndilo la jina la kike Caoimhe, ambalo dada yangu wa Bray analikuta wodini kila siku na sasa analitamka vizuri kuliko mimi. Kwa hiyo Kevin ni mzaliwa mpendwa. Ni kauli ya mama akiwa wodi ya uzazi. Nilifikiri juu ya yule mpishi wa shule wa Ujerumani aliyesema ni jina zuri. Alikuwa sahihi kwa kiwango ambacho walimu wale hawakujua.

Glendalough unaingia kwa miguu, kupitia lango la mawe lenye matao mawili. Upande wa kulia kuna jiwe la ukutani lililochongwa msalaba: mkimbizi akifika hapo alikuwa ameingia ndani ya mipaka ya monasteri na hakuna aliyeruhusiwa kumgusa. Niliuweka mkono juu yake. Mbele yake yamejaa makaburi, mengi ni ya watu wa karne mbili zilizopita, na kati yao unasimama mnara wa duara wa urefu wa mita 30 hivi, mwembamba, mlango wake ukiwa zaidi ya mita tatu kutoka chini. Paa lake la koni lilijengwa upya mwaka 1876 kwa mawe yaleyale ya zamani. Kuna kanisa dogo la paa la mawe ambalo watu huliita Jiko la Kevin, kwa sababu kinara chake cha kengele kinaonekana kama bomba la moshi. Hakuna aliyepika pale. Nyuma ya yote hayo ni bonde lenyewe, miteremko ya misonobari pande zote mbili, ziwa dogo kwanza, halafu ziwa kubwa.

Kevin alikuja hapa katika karne ya sita, kijana wa ukoo wa watawala wa Leinster aliyeacha nyumba ya kifalme akatafuta upweke. Mapokeo yanasema alizaliwa mwaka 498 na kufa tarehe 3 Juni 618, yaani akiwa na miaka 120. Maisha yake yaliandikwa karne nyingi baada ya kifo chake, kwa Kilatini na Kiirishi, kwa hiyo tunachopewa ni kumbukumbu ya watu, si shajara yake. Yasemwa malaika alitokea siku ya ubatizo akaamuru aitwe Cóemgen. Juu ya lile ziwa kubwa, kwenye ukuta wa mwamba, kuna pango dogo wanaloliita Kitanda cha Kevin. Halifikiki ila kwa mashua, na hawaruhusu watu kulipanda kwa sababu ya hatari. Tulilitazama kutoka ng'ambo, tundu jeusi kwenye mwamba, na ni dogo kiasi kwamba mtu mzima hawezi kusimama ndani yake.

Kisa kinachojulikana zaidi ni cha ndege. Gerald wa Wales, padri aliyeizuru Ireland na kuandika juu yake katika miaka ya 1180, anasimulia kwamba wakati wa Kwaresima Kevin alikuwa kibandani akisali, mkono ameunyoosha nje ya dirisha, kiganja wazi. Ndege mweusi akatua, akaona ni mahali pazuri, akataga. Mtakatifu alimhurumia. Hakuufunga mkono wala kuurudisha ndani, aliubakiza vilevile mpaka mayai yakaanguliwa. Gerald anasema ndiyo maana sanamu za Kevin Ireland nzima humwonyesha akiwa na ndege kiganjani.

Wengi husimulia kisa hiki kama cha watoto. Mimi nilikisikia kama muuguzi. Nawajua wagonjwa wanaokushika mkono saa nane usiku wakalala, nawe ukabaki umeinama juu ya kitanda, bega linawaka, kiuno kinalia, na ukijua kwamba ukiutoa mkono watashtuka na kuamka na maumivu yao. Hakuna anayekulipa zaidi kwa dakika zile. Hakuna kisanduku cha kuziandika kwenye ripoti ya zamu. Ndege aliyeatamia hukaa wiki mbili hivi. Sijali kama kisa kilitokea kama kilivyoandikwa. Aliyekitunga aliwahi kumshikia mtu mkono, hilo nina hakika nalo, kwa sababu alijua kwamba kazi yenyewe ni kutojitikisa.

Vipo visa vingine. Fisimaji alimrudishia kitabu chake cha zaburi kilichotumbukia ziwani, na akawa akiwaletea watawa samaki, mpaka mtawa mmoja alipowaza kwamba ngozi yake ingetengeneza glavu nzuri. Siku hiyo mnyama akaondoka na hakurudi tena. Napenda ukali wa kisa hicho.

Na kipo ambacho sikipendi, nami sitakificha. Wanasimulia kwamba mwanamke mmoja, baadaye akapewa jina Kathleen, alimpenda Kevin na kumfuata. Katika masimulizi ya zamani zaidi Kevin alimchapa mwanamke huyo kwa majani yanayowasha, yale tunayoyaita thabai, na katika masimulizi ya baadaye Kevin alimsukuma kutoka pangoni, mwanamke akafa maji ziwani. Viongozi wa watalii husimulia wakicheka. Dada yangu hakucheka, nami pia. Mtu aliyemvumilia ndege kwa wiki mbili akashindwa kumvumilia binadamu mwenzake kwa mazungumzo ya saa moja, huyo sijui ni nani, na naamini ni wazo la watawa wa baadaye waliowaogopa wanawake zaidi ya walivyomjua Kevin. Jina likikujia linakuja na yote yaliyosemwa juu yake. Nimechagua ndege, na najua kwamba nimechagua.

Monasteri yenyewe ilikua ikawa mji. Mtoto wa nchi ile, Lorcán Ua Tuathail, alikuwa abati wake kabla ya kuwa Askofu Mkuu wa Dublin mwaka 1162. Wanajeshi wa Kiingereza waliuharibu mwaka 1398. Hata ukiwa magofu watu hawakuacha kuja, kwani iliaminika kwamba hija saba za Glendalough zina thamani sawa na moja ya Roma. Sikukuu yake ya tarehe 3 Juni ikawa ya sala na ya soko, na ya pombe na ngumi za koo kwa koo, mpaka Askofu Mkuu Paul Cullen wa Dublin alipoipiga marufuku mwaka 1862.

Tarehe hiyo niliisoma kwenye ubao nikasimama. Mkatoliki yeyote wa Afrika Mashariki anaijua 3 Juni. Ni siku ya Mashahidi wa Uganda, siku ambayo mwaka 1886 Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto Namugongo kwa amri ya Kabaka Mwanga. Mahujaji wanatembea kwa miguu kutoka Kenya, Tanzania, Rwanda na Kongo kwenda pale, wengine wiki nzima barabarani. Kwetu siku hiyo ina rangi nyekundu ya mashahidi, na mbele ya moto ule hakuna aliyekumbuka kwamba kalenda ina mtu mwingine, mzee wa ziwani, aliyefia kitandani.

Nilimpigia mama papo hapo, mtandao ukikatika kila nikigeuka, nikasogea karibu na ukuta wa kanisa mpaka sauti ikakaa. Nikamwambia niko kwenye bonde alilotajiwa na yule padri, na maziwa yake yapo kweli mawili. Nikamwambia jina maana yake nini. Nikamweleza ndege. Alisikiliza kisa chote bila kunikatiza, jambo ambalo si desturi yake. Kisha nikamwambia sikukuu ni lini.

"Tarehe 3 Juni?" akasema. "Ya Mashahidi?"

"Hiyo hiyo, Mama."

"Mwanangu, hiyo misa sijaikosa tangu nikuzae. Na kila mwaka nia yangu ni wewe."

Niliporudi kazini nilimsimulia Kevin mwenzangu, wodini, tukitandika vitanda. Alitaka nimwandikie neno la Kiirishi kwenye karatasi, akalipiga picha, akaituma palepale kwa mama yake. Jibu lilikuja kabla hatujamaliza kitanda cha pili. Alikuwa anauliza huyo mtakatifu anapatikana wapi, na nauli ni kiasi gani.